Dawa Iliyotaka Mafuta

Mapunye niliyapata njiani, baada ya kuvuka ziwa. Watoto wote wa kundi letu tulinyolewa kwa mashine moja kwa sababu ya chawa. Tulikaa juu ya mizigo, na mama mmoja wa Fizi aliyekuwa akitunyoa aliigonga ile mashine kwenye goti lake kukung'uta nywele kabla ya kuhamia kichwa kingine. Chawa waliisha. Tulipofika Malawi na kupewa mahali pa kujenga katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, utosini mwangu palikuwa na maduara mawili yaliyopauka kama majivu. Baadaye yakawa mengi, nami nikaacha kuyapapasa.

Niseme mapema kwamba ugonjwa huu hauui. Kambini watu walikuwa wakifa kwa malaria na kwa kuhara, na wengine, nina hakika, walikufa kwa kuchoka tu. Mtoto mwenye kichwa cha mabaka hakuwa habari. Mwalimu wa shule ya kambi alinitazama siku moja, akanitoa kwenye dawati kwa ncha ya rula ili asiniguse, akasema nirudi nitakapopona. Sikumlaumu sana wakati ule. Namlaumu sasa. Nilikaa nyumbani nikisikia wenzangu wakiimba hesabu ng'ambo ya uwanja, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja: kichwa changu kipone nirudi kule.

Lakini kichwa changu kilikuwa kimefungwa pamoja na jambo lingine, na jambo hilo lilikuwa baba.

Baba hakuvuka nasi. Vita vya pili vilipofika kwetu Uvira alitufikisha ufukweni alfajiri, akatupandisha kwenye mojawapo ya boti za kwanza, mama na mimi na mjomba, yaani kaka yake mama. Yeye akasema anarudi kumchukua bibi, mama yake, ambaye alikuwa amekataa kuondoka na kuacha mbuzi. Angetufuata kwa boti ya kesho. Upande wa pili, karibu na Kigoma, mama alisimama mchangani akizipokea boti za kesho na za keshokutwa na za siku zilizofuata. Zilishusha majirani, zikashusha magodoro, zikashusha hata mbuzi wa watu. Baba hakushuka.

Ndipo mama alipoweka nadhiri. Kanisani kwetu watu walizoea mfungo wa Danieli: hakuna nyama, hakuna mafuta, hakuna kitu kitamu kinywani, wiki moja au zaidi, mpaka Mungu ajibu. Mama aliufunga bila kuuwekea mwisho. Alipiga magoti mbele ya kundi zima, mimi nikiwa nimeshika kitenge chake, akasema kwa sauti ya mtu anayegombana: "Mungu, miye na nyumba yangu, mafuta haitaingia mu kinywa yetu mpaka uturudishie huyu muntu." Na nyumba yake nzima ilikuwa mimi, bintiye, kwa kuwa sikuwa na ndugu, na mjomba alikuwa mtu wa kujitegemea katika mambo ya dini.

Dzaleka tuligawiwa mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Kila mgao mama aliyachukua mafuta yetu na kuyapeleka kanisani bila kuyafungua. "Bapatie bajane," alikuwa akiwaambia wazee wa kanisa. "Mi siko mujane." Alisema hivyo kila mara, kwa maneno hayohayo, hata walipokwisha kuzoea na kuinua mkono kumzuia asirudie.

Zahanati ya kambi ilinipa vidonge vyeupe. Mganga, mwanamke Mmalawi mwenye miwani, alisema nitameza kwa majuma mengi, nisiache hata kama naona nafuu, na nimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Alilisema hilo la mafuta kwa Kichewa, kisha akalirudia kwa Kiswahili alichokiokota kwetu wagonjwa wake: "Na mafuta, amayi. Chakula na mafuta." Neno ni lilelile katika lugha zote mbili, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema halikusikika. Mama alijibu zikomo, yaani asante, akakunja karatasi ya vidonge ndani ya kitambaa chake.

Tulipokuwa tukirudi sikuthubutu kuuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Mungu alitia nguvu ndani ya dawa," alisema. "Atashindwa kuifikisha mu kichwa ju ya kijiko moja ya mafuta?"

Nikamjibu hapana, hatashindwa.

Mjomba ndiye aliyenieleza ile dawa ni nini. Uvira alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na watu waliendelea kumwita profesere hata Dzaleka, ambako alikuwa akishona viraka kwa cherehani ya kuazima. Alifundisha bila kuacha kukanyaga pedali. Aliishika karatasi ya vidonge, akasoma jina lake refu kwa Kifaransa, akacheka bila furaha.

"Unajua hii inatoka wapi? Inatoka mu ukungu. Ukungu wa kwenye udongo. Njo ndugu ya ile ya mukate."

Mama alikuwa akipepeta unga mlangoni. Kwetu mihogo huvundikwa mpaka iote manyoya, ndipo wanawake huyakwangua na kuianika, na yeye alikuwa hodari wa kazi hiyo tangu usichana. "Mi nimekwangua ukungu maisha yangu yote," alisema. "Sijaona imeponyesha muntu."

"Ju ile ya kwako haina adui," mjomba alimjibu. "Ya mu udongo iko na majirani."

Kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuvuke niliona jinsi alivyokuwa akionekana mbele ya darasa. Alisema chini ya nyayo zetu hakuna amani hata kidogo. Ndani ya kijiko kimoja cha udongo kuna viumbe wasiohesabika, ukungu na bakteria, na wote wanagombania kipande kilekile cha mzizi uliooza. Hawana meno wala panga. Kila mmoja hutengeneza sumu yake mwenyewe na kuimwaga pembeni mwake, jirani asisogee. Penisilini tunayochomwa matakoni ni sumu ya namna hiyo. Ukungu uliitengeneza ili kuwazuia bakteria. Hizi dawa za kapsuli za kukausha usaha, nyingi zimetoka kwa bakteria wa udongoni waliokuwa wakipigana na bakteria wenzao. Na kidonge changu kilitoka kwa ukungu uliokuwa ukiuzuia ukungu mwingine. Watu wa maabara walichofanya ni kuiba tu.

"Vita yao inaacha dawa," alisema akikata uzi kwa meno. "Ya kwetu imeacha nini?"

Aliendelea kunieleza kwamba dawa yangu haiui mapunye. Inaingia katika unywele mpya wakati unapoota na kuketi humo, na ukungu wa mapunye, maana mapunye nayo ni ukungu, unapotaka kuingia unakuta mlango umefungwa. Unywele wa zamani uliokwisha kuliwa utakatika na kwenda na ugonjwa wake. Kwa hiyo ni lazima kungoja nywele ziote kutoka chini, pole pole. "Inaomba kungoja," alisema, kisha akamtazama dada yake. "Na inaomba mafuta."

"Kaka, wacha."

"Haiyeyuke mu maji. Mi siko nasema mambo ya dini, niko nasema mambo ya tumbo."

"Nimesema wacha."

Basi akaacha. Nilimeza kidonge changu kila siku baada ya nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga yaliyochemshwa kwa chumvi. Karanga nazo mama alizikataa, kwa kuwa ukizitwanga zinatoa mafuta, na alitaka nadhiri yake isiwe na tundu hata dogo. Maparachichi ya Wamalawi alipita kando yake kama mtu anayepita kando ya mlevi. Majuma yakaenda. Nilipopeleka mkono utosini nilikuta mabaka yamekutana yakawa moja.

Msije mkadhani nilikuwa nikiteswa. Niliamini kuliko yeye. Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja wa Rwanda aliyekuwa akikaanga mandazi ya kuuza, na siku moja aliniita akaniwekea andazi moja la moto mkononi. "Kula," alisema, "mama yako hakuoni." Mafuta yalinichuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Harufu ile nilikuwa nimeisahau kiasi kwamba mate yalinijaa na nikaona haya. Lakini nilimwona baba vilevile, nilimwona waziwazi, yupo njiani na bibi na wale mbuzi wa bibi, na nilijua nikiuma tu kitu kitawatokea. Nikamrudishia. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nilikwenda kujifuta vidole kwenye vumbi mpaka visiwe na harufu.

Mvua zilipokaribia kwisha kichwa kilivimba. Utosi wote uliinuka ukawa laini kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, na ukiugusa tu unatoka usaha. Shingo ilijaa matezi, nikawa na homa. Zahanati ikatuandikia kwenda Likuni, kwenye hospitali ya misheni, na mjomba akaomba nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa likitoka Mponela kwenda Lilongwe. Nililala juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja ya mama, na alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa midomo iliyofungwa.

Daktari wa Likuni alikuwa mwanamke asiye na haraka. Mjomba alitafsiri. Aliuliza nimemeza vidonge muda gani, mjomba akamwambia. Aliuliza ninakula nini, na hilo mama alilijibu mwenyewe bila kungoja tafsiri: nsima na majani. Yamekaangwa? Yamechemshwa. Daktari aliketi kwenye kiti chake. Hakugomba, na laiti angegomba. Alisema kwa upole kwamba dawa ile bila mafuta inaingia kinywani na kutoka na choo, na kidogo sana kinachofika kwenye nywele. Kwamba muda wote ule mtoto alikuwa kama anameza chaki. Angenipa dawa nyingine ya kukausha usaha, ile ya bakteria wa udongoni, na vidonge vya zamani ningevianza upya. Pale palipovimba, alisema, huenda nywele zisirudi, kwa sababu vitundu vinavyootesha nywele vikishafunikwa na kovu havifunguki tena. Tukiendelea kula vile tulivyokuwa tukila, kovu litakwenda kichwa kizima.

Kisha muuguzi akanisafisha. Alikuwa akibandua magamba yenye nywele kwa kibanio, na mama aliambiwa anishike mikono. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikimupa mafuta namuua baba yake," mama alimwambia, kwa Kiswahili chetu, ili muuguzi asielewe.

"Na usipomupa?"

"Hii ugonjwa haiue muntu. Wote banasema haiue."

Alikuwa sahihi. Ukiweka nywele za mtoto upande mmoja na uhai wa baba yake upande mwingine, nani atachagua nywele? Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuchagua. Nilitaka kumsaidia, nilitaka ajue kwamba hayuko peke yake. Kwa hiyo nikasema, huku muuguzi akiendelea na kibanio chake: "Mama, usinipe mafuta. Haiumi sana. Baba arudi tu."

Niliona uso wake ukibadilika. Nilidhani nimempa nguvu, kumbe nilikuwa nimemmaliza. Aliachia mikono yangu, akatoka nje. Tulimkuta baadaye ameketi ukingoni mwa mfereji akiwa ameshika kichwa chake yeye.

Mjomba alikuwa na mtu wa kumwona Lilongwe mjini, tukapitia soko la Tsoka. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwanamke aliyekuwa akiuza mafuta ya kupimwa, yaliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki. Mama yangu alikuwa mtu wa kupatana bei hata ya chumvi. Siku ile hakupatana. Alitoa alichokuwa nacho akachukua kifuko kimoja, akakishika kiganjani mpaka kambini, bila kukitia mfukoni wala ndani ya kitambaa, na kila lori lilipotikisika alikiangalia kama kimepasuka.

Kesho yake mchana alikaanga. Aliosha usipa, wale dagaa wa hapa, akakata kitunguu, akasimama mbele ya sufuria yenye mafuta mpaka yakaanza kutoa moshi. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilisogea nikasikia. "Njo naivunja," alikuwa akimwambia Mungu. "Miye. Usimuwekee baba yake, usimuwekee mutoto. Ukitaka kupiga, piga miye." Akamwaga samaki.

Sasa, watu wote wa upande wetu wa kambi waliijua nadhiri ya mama. Waliijua kwa sababu waliiombea kila Jumapili, na kwa sababu wajane walipika kwa mafuta yetu. Kwa hiyo harufu ya kitunguu na samaki ilipotoka chini ya paa letu la nyasi ikaenda kwa majirani, hakuna aliyeielewa vibaya. Yaani waliielewa kwa maana moja tu inayowezekana. Nilisikia kigelegele nyuma ya nyumba. Kikajibiwa na kingine. Wanawake walikuja wakikimbia, mmoja ana unga mikononi, mwingine amembeba mtoto bila kumfunga vizuri, wakajaa mlangoni wakicheka na kulia.

"Amefika? Iko wapi? Amefika?"

Mama alisimama na mwiko. Mafuta yalikuwa yakilia kwenye sufuria na hakuna aliyeyasikia isipokuwa sisi wawili. Mwanamke aliyekuwa mbele alichungulia ndani ya nyumba, akaona godoro na ndoo, akaniona mimi na bandeji yangu. Kigelegele kilikatika kwake kwanza, kisha kwa waliokuwa nyuma, mmoja mmoja, mpaka aliyekuwa mbali kabisa akabaki anapiga peke yake na mtu akamwambia anyamaze.

"Ni ya dawa," mama alisema. "Ya mutoto. Ya kichwa."

Wakasema pole. Wakaondoka wakiwa wameangalia chini, kama watu waliofungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Mama akanipakulia samaki, akaniwekea kidonge pembeni mwa sahani, akakaa mbele yangu kuniangalia nikila. Yeye hakula. Samaki walikuwa watamu sana. Nilichukia kwamba walikuwa watamu, na nilimaliza sahani yote.

Dawa ikafanya kazi yake, upesi mpaka mjomba akawa anakuja kila siku kunigeuza kichwa kwenye mwanga. Nywele mpya ziliota nyeusi na ngumu pande zote. Katikati ya utosi palibaki peupe, paling'aa, pakubwa kama kiganja cha mtu mzima. Nilifunika kwa kitambaa nikarudi shule. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na nilikaa kwenye dawati langu nikiwa na furaha ya kweli kwa muda wa majuma machache.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa alifika kambini mwanamke mmoja wa mtaa wetu wa Uvira. Aliingia kwetu, akakaa, akamwambia mama kwamba mumewe amekufa. Hakuona mwenyewe, aliambiwa na watu wa uhakika. Mama hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Siku gani?"

Mwanamke hakujua siku. Hakujua hata mwezi. Huko walikotoka watu walikuwa wameacha kuandika tarehe za vifo.

Mama aliitika kwa kichwa, kama kwamba ameambiwa siku na saa. Wajane wa kanisa walikuja kukaa naye kilioni na kila mmoja alileta mafuta kidogo ndani ya chupa, na alizipokea chupa zile akazipanga ukutani, akawa mmoja wao. Mjomba alikuja na biolojia yake yote. Alimwambia kwamba samaki waliokaangwa Malawi hawawezi kumuua mtu Uvira, kwamba hakuna njia, kwamba ni ujinga. Alimwomba, mwishowe alimpigia kelele. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," alisema, "nilikaanga nikijua."

Hakunilaumu kamwe, hata kwa jicho. Alinipikia kwa mafuta kila siku, kama daktari alivyosema, na yeye akala majani yake ya kuchemsha. Lakini hakuugusa tena unywele wangu hata mmoja. Alikuwa msusi, wanawake wa kambi walikuja kwake kusukwa, na mikono yake ilikwenda vichwani mwao huku akipiga soga. Mimi nilisukwa na yule Mnyarwanda wa mandazi. Jirani akiuliza kwa nini, mama alijibu kwamba macho yake yanauma. Nilikuwa nikikaa chini ya mikono ya mgeni, nikimwona mama yangu kule mbele akimsuka mtoto wa mtu mwingine, na nilitamani nywele zangu zianguke zote, nilitamani mapunye yarudi. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilijua kwamba akiniona kichwa alimwona baba.

Miaka ikaenda hivyo. Vita vilikwisha kwenye redio, vikaanza tena, vikakwisha. Mjomba alipata kibaraza cha kuweka cherehani pembeni mwa soko la Tsoka, nami nilipokuwa msichana mkubwa nikawa ninakaa Lilongwe naye siku za kazi, nikitia vifungo na kukunja pindo. Siku moja mwanamume alileta suruali iliyopasuka. Mjomba alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Kwa lafudhi yake nilijua ni wa kwetu. Tukaulizana kama watu wa kwetu wanavyoulizana, umetoka wapi, mtoto wa nani, mpaka nikalitaja jina la baba. Alikuwa ameshika suruali yake akaiweka chini.

"Huyo tulimuzika miye na benzangu," alisema.

Alinisimulia pale pale, watu wakipita na vikapu. Walimkuta barabarani, hajafika hata nusu ya njia ya kwenda kwa bibi. Bibi naye alikufa, lakini yeye alifia nyumbani kwake. Walichimba haraka, kwa jembe la kuokota, na walipokuwa wakichimba walisikia mashine za boti ziwani, zile za kwanza zilizokuwa zikivusha watu.

"Boti za siku ile?" nilimuuliza. "Za siku ile ile?"

"Za siku ile ile. Jua haikuwa imefika katikati."

Nilimfanya arudie. Nilimuuliza kwa njia nyingine, nikamuuliza tena, mpaka akanitazama kwa wasiwasi. Na nilifurahi. Nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi kwamba baba yangu alikufa mapema. Tulikuwa bado majini alipokuwa amekwisha kuzikwa. Mama hakuwa amepiga magoti bado, hakuwa amesema neno lolote la mafuta. Hakuna sufuria yoyote iliyomuua. Nilimshonea yule mtu suruali yake vizuri kuliko suruali yoyote niliyowahi kushona, na jioni hiyohiyo nikapanda lori kurudi Dzaleka, nikiwa nimeishika habari ile kifuani kama zawadi.

Nilimkuta ameketi nje akichambua maharage. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yote, barabara, jembe, boti, jua. Nikamwambia, "Mama, alikuwa amekwisha kufa. Mbele ya nadhiri. Si wewe." Nikangoja alie, au anicheke, au anishike.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe ndani ya maharage.

"Mbele ya nadhiri," alisema.

"Mbele."

"Kwa hiyo siku zile zote, ile mafuta ilikuwa ya nani?"

Sikuelewa. Alisogeza ungo pembeni, akanyoosha mikono, akakifungua kitambaa changu kichwani. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa hapo tangu nilipokuwa mtoto. Alizitenganisha nywele kwa vidole vya msusi, kwa uangalifu, mpaka akalifikia lile kovu, akaweka kiganja chake juu yake. Kiganja na kovu vilikuwa sawa kwa ukubwa.

"Nilimufungia maiti," alisema. "Na wewe nikakuacha uoze."

Nikamwambia si hivyo. Mjomba alipokuja akamwambia si hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Alikuwa amebeba kosa moja kwa miaka, nami nilikuwa nimekwenda Lilongwe nikamletea lingine, na hili lilikuwa la kweli.

Tangu siku ile ananipaka mafuta. Kila Jumapili nikiwa kambini, baada ya ibada, ananiketisha kati ya magoti yake, anachovya kidole kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, anasugua lile kovu polepole, kwa duara, mpaka ling'ae. Aliambiwa Likuni kwamba vitundu vikishafunikwa havifunguki. Alikuwepo, alisikia, mjomba alimtafsiria. Akimaliza anainama karibu, kwa kuwa sasa macho yake yanauma kweli, na ananiuliza kama nahisi pameanza kuota.

Namwambia bado.